Thurea kuukuu ya mikono sita: niipake rangi na kuivisha shanga, au niiache ilivyo?

BintiNgamiani

Assalaam aleikum, na habari za jioni kwa wote. Naomba ushauri wa mtu aliyewahi kuifanya kazi hii kwa mikono yake mwenyewe. Nyumba ya marehemu babu yetu hapa Tanga inakarabatiwa, na sebuleni tumeteremsha thurea (taa ya kuning'inia darini) ya mikono sita ambayo haijawashwa kwa miaka mingi. Mwili wake una rangi ya dhahabu iliyofifia, sehemu nyingine zimeota ukijani kwa sababu ya upepo wa bahari, na vioo vilivyokuwa vikining'inia vimepotea karibu vyote. Vimebaki vipete vyake tu kwenye kingo za vikombe. Ndugu zangu wanataka iende kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, nami nimewaomba wanipe nafasi kwanza. Nakusudia kuipulizia rangi, ama nyeupe ya maziwa ama kijani kilichokoza, kisha niifunge shanga mahali pa vile vioo. Je, rangi itashika juu ya madini ya namna hii bila kubanduka masika yakiingia? Shanga za aina gani zinafaa, na zifungwe kwa nini? Tena dari mpya ni ya jipsamu, na sina hakika kama inaweza kuubeba mzigo huo.

MzeeWaShaba

Wa aleikum salaam, mwanangu. Kabla hujanunua kopo la rangi, tafuta sumaku, hata ile ya spika mbovu, uipitishe kila sehemu ya thurea yako. Palipo na chuma kilichopakwa tabaka jembamba la shaba, sumaku itanasa. Palipo na shaba halisi haitanasa. Jambo hili ndilo linaloamua kila kitu kinachofuata, na ajabu ni kwamba watu wengi hulikumbuka baada ya kwisha kupuliza.

Ikiwa ni shaba halisi, mimi nisingeipaka rangi. Ule ukijani unaouona si ugonjwa wa ndani, ni kutu ya juu tu, nao hutoka kwa njia walizotumia mama zetu kwa masinia na mabuli: ndimu na chumvi, au ukwaju uliorowekwa, unasugua kwa kitambaa laini, kisha unasuuza kwa maji mengi na kukausha papo hapo. Usiache asidi ya ndimu ikalala kwenye mikunjo, kwani itaanza kula upya, na usiiguse kabisa sehemu iliyopakwa tabaka, maana tabaka hilo litaondoka na chuma cha chini kitaanza kutu. Nakubali kwamba pwani shaba hufifia tena upesi. Asiyetaka kusugua mara kwa mara apake nta nyembamba.

MamaShanga

Namheshimu Mzee, lakini katika jambo hili mimi sikubaliani naye moja kwa moja. Thurea nyingi zilizoko majumbani mwetu ni za kiwandani, hazina thamani ya kale, na kuzipaka rangi si dhambi. Kinachoharibu ni haraka. Shaba ni laini na ina utelezi, kwa hiyo rangi iliyopulizwa juu yake bila matayarisho hubanduka kama ganda la kitunguu. Ioshe kwa maji ya moto na sabuni mpaka mafuta na moshi vitoke, ikwaruze kwa msasa laini wa namba 240 au 320 mpaka ule mng'ao ufe, ifute kwa kitambaa chenye thina, ndipo uipige praima, yaani rangi ya kwanza ya kushikiza, iliyoandikwa kwenye kopo lake kwamba ni ya madini yasiyo chuma. Ukikuta imewahi kupakwa rangi zamani, piga msasa wa maji wala si mkavu, kwa kuwa rangi za zamani huenda zikawa na madini ya risasi na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto.

Wakati wa kupuliza, ining'inize kwenye kamba uani ili uweze kuizunguka, shika kopo umbali wa sentimita 25 hadi 30, na upitishe mkono bila kusimama. Tabaka tatu nyembamba ni bora kuliko moja nene inayotiririka na kuacha machozi chini ya kila mkono. Siku yenye unyevu mwingi usipulize, kwa maana rangi huota ukungu mweupe inapokauka, na huku pwani ukungu huo huja hata asubuhi isiyo na mvua. Ukichagua rangi ya dhahabu, usiipake vanishi juu yake kabla ya kujaribu pembeni, kwani mara nyingi huuzima mng'ao wote.

Sasa shanga, ambazo ndizo kazi yangu. Piga hesabu ya uzito kabla ya hesabu ya uzuri. Shanga za kioo zenye kipenyo cha milimita 10 zikiwa 1,000 hukaribia kilo moja na robo, ilhali za mti za ukubwa huohuo hazifiki nusu kilo. Shanga za udongo uliochomwa, mfano wa zile ambazo karakana ya Kazuri imekuwa ikizifinyanga Karen, Nairobi, tangu mwaka 1975, ni nzuri mno, ila nazo ni nzito, hivyo nazitumia moja moja mwishoni mwa mshipi, mahali ambapo zamani lilikaa tone la kioo. Mita moja ya shanga za milimita 10 hula shanga 100. Kwa mikono sita, ukishusha mshipi mmoja kutoka juu hadi kila mkono na mwingine ulegee kati ya mkono na mkono, mita sita zinatosha, yaani shanga 600.

Usifunge kwa mshipi wa kuvulia samaki. Watu huupenda kwa sababu hauonekani, lakini nailoni hulegea kwa joto na kukakamaa kwa jua, na siku moja utasikia shanga zote sakafuni. Tumia waya mwembamba wa shaba: upitishe kwenye kipete, urudishe, uuzungushe mara tatu juu yake wenyewe, kisha ncha uiingize ndani ya tundu la ushanga wa kwanza ili isichane mtu anayefuta vumbi.

FundiUmemeMvita

Dada, wenzangu wamesema ya urembo, nami niseme ya umeme, kwa kuwa taa hiyo ikitundikwa itakuwa juu ya vichwa vya watu. Toa waya zote za zamani. Waya wa miaka hiyo mara nyingi una ganda la mpira lililofunikwa kitambaa, na mpira huo hukauka ukawa unapukutika ukiupinda. Pitisha waya mpya unaostahimili joto: kahawia kwa moto, buluu kwa nyutro, na wa kijani chenye mistari ya manjano kwa ardhi. Waya wa ardhi si hiari kwa taa ya madini. Rangi haipitishi umeme, kwa hiyo pale inapokaa skrubu ya ardhi kwangua mpaka madini yaonekane, kisha upime kwa mita ya umeme kutoka kwenye skrubu hiyo hadi ncha ya kila mkono.

Kabla ya kupuliza, ziba matundu ya holda, yaani vishikio vya balbu, kwa karatasi ya gazeti iliyofinyangwa. Rangi ikiingia humo, balbu haitagusa sawasawa na itakuwa ikicheza. Waya wa shanga usiukaribie mdomo wa holda hata kidogo. Weka balbu za LED za wati 4, ambazo mwanga wake unakaribia ule wa balbu za zamani za wati 40. Zote sita zitakula wati 24 badala ya 240, na joto litakuwa dogo kiasi kwamba hata shanga za plastiki zitasalimika zikikaa mbali kidogo.

Kuhusu dari, jipsamu haibebi thurea. Mwambie fundi wako atundike kulabu kwenye zege au kwenye mbao ya paa, mnyororo upite katika tundu la jipsamu bila kuilalia, na kulabu hiyo ijaribiwe kwa kuning'iniza mzigo wenye uzito mara kadhaa wa taa. Waya wa umeme usibebe uzito wowote.

BintiNgamiani

Nawashukuru nyote. Nimepitisha sumaku: imenasa kwenye bomba la katikati na kwenye kifuniko cha darini, lakini mikono yote sita na vikombe vyake haikunasa. Je, nipake nusu na kuacha nusu?

MzeeWaShaba

Hasa, mwanangu. Bomba na kifuniko vipake kile kijani chako kilichokoza, na mikono uisugue ibaki shaba. Macho yataipokea kama iliyotengenezwa hivyo tangu mwanzo. Ifungue skrubu zote kwanza, usipake ikiwa imeungana. Chuma kinapogusana na shaba katika unyevu wa chumvi, kinacholiwa ni chuma, na huanzia pale pale kwenye kiungo ambapo jicho halifiki, kwa hiyo praima ya kuzuia kutu iingie mpaka ndani ya kiungo.

FundiUmemeMvita

Naongeza hapo kwa Mzee: ukishapaka ndani ya viungo, mikono itakuwa imetengana na bomba kwa umeme, na waya mmoja wa ardhi kwenye bomba hautatosha tena. Kwangua duara dogo chini ya skrubu ya kila mkono, weka washa yenye meno, yaani kile kipete cha madini cha chini ya skrubu, kaza, upime mkono mmoja mmoja, kisha ndipo upake grisi kidogo juu ya kiungo ili unyevu usiingie.

MamaShanga

Kwa kijani hicho na shaba, chukua shanga za mti zisizopakwa rangi, na kwenye vile vipete vya vikombe uning'inize ushanga mmoja mmoja wa kioo cha kahawia. Vioo vichache vilivyobaki usivitupe. Vioshe uvirudishe kwenye kikombe kinachotazama mlango.