Mombasa twataka mabasi makubwa, tumechoka kubanwa kwa matatu

Jamani, hili siwezi kulinyamazia. Jana jioni pale Buxton mama yangu, mtu mzima na magoti yamuuma, ameingia matatu ya Kisauni kwa taabu, akakalishwa juu ya sambaza. Kibao chenyewe kimeegeshwa baina ya viti viwili, hakina pa kuegemea, na gari lilipofunga breki mzee wa watu akamwangukia abiria wa mbele. Kondakta hata pole hakusema. Na nauli ilikuwa imeshapandishwa, eti mawingu yametanda!

Sheria za Michuki za 2004, zilizoitwa kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo, zilisema matatu ibebe abiria 14, kila mtu na kiti chake na mkanda wake. Leo mikanda imekatwa, na polisi wasimama hapo hapo kando ya barabara wakitazama.

Tuliokulia hapa twayakumbuka mabasi makubwa ya mjini ya KBS (Kenya Bus Service). Mzee alipanda, akakaa, akashuka kituoni kwa heshima yake. Matatu zilipofunguliwa njia na Rais Kenyatta mwaka 1973, zibebe watu bila leseni ya uchukuzi, zilikuwa za kuongezea palipopungua. Sasa basi la mjini limekufa na hakuna aliyeulizwa. Zikaja tuktuk. Mwaka 2008 serikali ikaondoa kodi ya VAT kwa pikipiki zisizozidi 250cc, bodaboda zikafurika.

Hebu pigeni hesabu. Watu sitini waenea basi moja. Kwa matatu wataka gari tano, kwa tuktuk ya abiria watatu wataka ishirini! Zote hizo zapita Daraja la Nyali lile lile la 1980. Halafu twashangaa foleni yatoka wapi?

Siwalaumu vijana wa tuktuk na boda, wanatafuta riziki, na usiku mgonjwa akizidiwa ndio wanaotufikisha hospitali. Hasira yangu ni kwa wanaopanga mji. Kila msako ni kuwafukuza hao katikati ya mji, na basi hawaleti. Mwamfukuza wa tuktuk, yule mama wa Kongowea na gunia lake la mboga apande nini?

Twataka mabasi makubwa yenye ngazi ya chini, vituo vyenye kivuli, na nauli iliyoandikwa mlangoni, mvua isimpandishie mtu.

Wa Likoni, Changamwe, Bamburi, Mtopanga, andikeni hapa chini mwatozwa ngapi siku za mvua. Nitazikusanya zote niwapelekee MCA wetu, wawakilishi wa wadi kwenye bunge la kaunti, na jina langu litakuwa la kwanza.