Babu alijifunzia wapi kusoma? Askari wa Keya na saa zao za mapumziko

Mjukuu wa Tukuyu

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za leo.

Juzi tulikuwa tunahamisha vitu vya marehemu bibi kule Rungwe kwa sababu bati la nyumba limetoboka na mvua ziko njiani. Uvunguni tukakuta sanduku la babu. Babu alikuwa Keya, yaani askari wa King's African Rifles, jeshi la Mwingereza huku Afrika Mashariki. Vita Kuu ya Pili alipelekwa Burma, Myanmar ya leo (mwenyewe alitamka "Bama"), akarudi 1946, akafariki nikiwa darasa la nne. Ndani ya sanduku mlikuwa na blanketi lililoliwa na wadudu, picha ya studio akiwa na mwenzake mbele ya pazia lililochorwa minazi, na daftari.

Hilo daftari ndilo limeninyima usingizi. Kurasa za mwanzo ni penseli tupu: a e i o u, ba be bi bo bu, herufi kubwa zinazopanda na kushuka kama za mtoto wa chekechea. Ukifika katikati ni majina ya vitu: bunduki, sufuria, mvua, mama. Mwishoni ni rasimu za barua kwa bibi. Moja inaanza, "Mke wangu, mimi mzima, ila mvua ya huku haina adabu."

Ukoo mzima tuliamini babu alisoma kwa Wamoraviani hapo Rungwe. Kumbe alianza kusoma akiwa mtu mzima, na ni vitani! Naomba mwenye kujua anieleze: muda waliutoa wapi? Mimi picha yangu ya vita ni risasi alfajiri hadi usiku. Siku wasipopigana walikuwa wanafanya nini?

Mwalimu mstaafu, Njombe

Marahaba mdogo wangu, kamwene. Baba yangu naye alikuwa Keya. Mwaka 1979, nikiwa mwalimu kijana, nilikaa naye jioni nyingi nikiandika anachosema. Daftari la babu yako ningelitambua hata gizani.

Muda ulikuwepo, tena mwingi. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, wale wenye alama ya kichwa cha kifaru begani, walivushwa bahari 1943 wakapelekwa Ceylon, yaani Sri Lanka ya leo. Burma waliingia katikati ya 1944. Karibu mwaka mzima huko Ceylon ilikuwa mazoezi ya kupigana msituni, na jioni mtu anabaki na saa zake. Baba alishangaa kukuta milima ya chai, akasema ni kama amerudi Mufindi, ila watu wamebadilishwa.

Mpira ulichezwa sana, kombania kwa kombania. Bao walichimba mashimo ardhini, kete ni kokoto. Sinema ililetwa kwa gari, pazia linafungwa kwenye miti. Na kulikuwa na darasa. Jeshi lilikuwa na kikosi chake cha elimu, na walimu wengi walikuwa Waafrika wenzao waliovaa tepe za sajini. Baba alifundishwa chini ya turubai. Ubao ulikuwa mfuniko wa sanduku uliopakwa rangi nyeusi. Jeshi lilikuwa na sababu zake: askari anayesoma anaelewa matangazo, anasoma magazeti ya Kiswahili ya jeshi kama *Askari* na *Heshima*. Sababu za baba zilikuwa nyingine kabisa.

Fikiria barua ya mtu asiyejua kusoma. Unamwendea karani, unamtajia maneno ya kumwandikia mkeo, yeye anaandika. Kisha ofisa anaisoma na kukata jina la mahali popote (ndiyo maana babu yako anaitaja mvua na hataji mji). Ikifika huku inapita bomani au misheni, na anayemsomea mama ni katekista, watu wamejaa barazani. Baba alisema, na haya niliyaandika neno kwa neno: "Nilijifunza ili nizungumze na mama yako bila wazee watatu kukaa katikati yetu. Karani nikamwondoa. Mama yako alipojua kusoma, katekista naye akaondoka. Yule wa mkasi sikumweza."

Bonde la Kabaw, huko Burma, ni habari nyingine. Masika ya huko, matope ya magotini, ruba, chakula kinadondoshwa na ndege, vidonge vya malaria vinavyogeuza ngozi njano. Hapo mapumziko yalikuwa kukausha soksi na kugawana sigara moja watu wanne. Madaftari yalifungwa ndani ya mpira wa mvua. Kama la babu yako lina madoa ya maji, sitashangaa.

Walifika mji wa Kalewa, hukohuko Burma, Desemba 1944, baadaye wakarudishwa India kupumzika. Vita vikaisha Agosti 1945, na meli za kurudi hazikuja upesi. Baba hakupenda kukizungumzia kipindi kile cha kungoja. Alisema risasi zilikuwa zimekwisha na bado alikuwa mbali na shamba lake.

Mnyasa wa Liuli

Mwalimu amesahau ngoma! Wazee wa huku ziwani walicheza mganda popote walipopiga kambi. Mnajua mganda: safu zimenyooka kama gwaride, vibuyu vya kupuliza, mavazi meupe. Mizizi yake ni beni, ngoma ya kuiga bendi ya jeshi, ya askari wa vita ile ya kwanza. Kwa hiyo babu zetu walikwenda ng'ambo na ngoma ambayo tayari ilikuwa mtoto wa jeshi.

Dada wa Ifunda

Nimesoma nikiwa na donge kooni. Kaka yake bibi alikuwa kwenye mizinga, akapanda meli ya Khedive Ismail kutoka Kilindini. Ilizamishwa karibu na Maldivi tarehe 12 Februari 1944, watu zaidi ya elfu moja wakafa. Barua yake ya mwisho ilikuwa ya mwandiko wa karani. Bibi alilalamika mpaka anazeeka kwamba hajui yapi yalikuwa maneno ya kaka yake na yapi ya karani. Mjukuu, wewe una mwandiko wa babu yako mwenyewe. Litunze hilo daftari, na usilianike juani.

Halafu nikuulize: hizo barua bibi yako alisomewa na nani?

Mjukuu wa Tukuyu

Ndaga fijo, mwalimu. Pole sana, dada.

Swali lako lilinirudisha kwenye daftari usiku huu. Madoa ya maji yapo, pembe yote ya chini. Na nilikuwa sijaligeuza. Ukilianza kwa nyuma, kichwa chini miguu juu, kuna kurasa tano za wino wa buluu, mwandiko mwingine kabisa: ba be bi bo bu. Chini yake babu ameweka alama za vema kwa penseli, kama mwalimu.

Nimempigia shangazi. Anasema alikuwa mdogo, anakumbuka kibatari jikoni, babu na bibi wameinamia kitu, na watoto wanafukuzwa wakalale.

Kwenye ukurasa wa tano bibi ameandika jina lake lote. Herufi ya mwisho imetoka nje ya mstari.