Naomba ushauri: nina LLB (shahada ya sheria) ya nyumbani, nataka kuwa wakili wa wigi Uingereza. Niingie Inn ipi?

Msomi Mtarajiwa:
Wakubwa shikamooni, wadogo mambo. Nina LLB ya chuo kimoja hapo Bongo, kwa sasa nipo Leicester na mke wangu, yeye ni muuguzi. Nataka kuwa barista, wale mawakili wanaovaa wigi na kusimama mbele ya jaji, siyo hawa wa kushinda ofisini wakiandika barua. Lazima ujiunge na Inn, yaani chama cha mabarista, mojawapo kati ya nne: Lincoln's Inn, Gray's Inn, Inner Temple au Middle Temple. Swali langu ni moja tu, ipi inawapokea vizuri watu wetu? Mwisho wa mwezi natakiwa niwe nimeamua na usingizi sipati. Matusi sitaki.

Ndizi Mzuzu:
Inner Temple. Gandhi alitokea hapo 1891. Mwaka 1922 wakamfuta uwakili, 1988 wakamrudisha akiwa na miaka 40 kaburini. Haki utapata mkuu, ila usiwe na haraka.

Shangazi wa Reading:
Mdogo wangu, Inn ni swali la mwisho. Ukishaitwa kwenye Bar, yaani kupewa ubarista, hakuna anayejali ulikula chakula cha jioni ukumbi wa Inn ipi. LLB ya nje haikupeleki moja kwa moja kwenye kozi ya Bar. Kwanza shahada yako inapimwa kwa vigezo vya Bar Standards Board, wasimamizi wa mabarista, na kwa kawaida unaishia kufanya GDL, kozi ya kuziba pengo la sheria: unasoma upya mikataba, jinai, ardhi, madhara (tort) na wenzake kwa sheria za huku. Ndipo kozi ya Bar, halafu pupillage, mafunzo kazini ya miezi 12 chini ya wakili mzoefu. Ulimaliza na daraja gani?

Mzee wa Kanuni:
Vijana mnakimbilia wigi la mkoloni wakati Law School of Tanzania ipo tangu 2008. Rudi nyumbani ukaape mbele ya Jaji Mkuu kama wenzako.

Ndizi Mzuzu:
Mzee, 2022 mtihani wa hapo waliingia 633, wakafaulu bila supu (kurudia mitihani) 26. Unamtuma mtoto wa mwenzio machinjioni.

Msomi Mtarajiwa:
Asanteni. Shangazi, daraja siyo hoja, nina LLM (uzamili wa sheria) ya hapa hapa Uingereza, tena merit.

Shangazi wa Reading:
Sikuuliza LLM.

Fundi Saa:
Mimi ngoja niwape ya binamu yangu wa Birmingham. Kozi akamaliza, akaitwa kwenye Bar, Muleba wakachinja ng'ombe. Wigi lenyewe la kukodi, lilirudishwa jioni ile ile. Ukimaliza kozi una miaka 5 ya kuingia pupillage, naye kila mwaka anaomba, kila mwaka barua ya "tunakutakia kila la heri". Miaka ikaisha. Sasa yupo benki, kitengo cha kukagua fomu. Bibi mpaka leo anawaambia wageni mjukuu wake ni wakili wa Malkia, na Malkia mwenyewe keshafariki. Picha ya wigi ipo juu ya friji.

Shangazi wa Reading:
Msomi, bado nasubiri.

Msomi Mtarajiwa:
Sawa basi. GPA 2.6. Mwaka wa tatu niliumwa, na kuna mhadhiri tulikuwa hatuelewani. Lakini wakala anayenishughulikia amesema LLM inafunika.

Shangazi wa Reading:
Kwa mizani ya nyumbani 2.6 ni Pass. Lower second, daraja la pili la chini, inaanzia 2.7, na Bar Standards Board kiwango chao cha chini ni lower second. LLM haichukui nafasi ya shahada ya kwanza. Huyo wakala umeshampa hela?

Msomi Mtarajiwa:
Nimetoa amana. Kiwanja cha Kibaha kilikuwa kimekaa tu. Salio mwisho wa mwezi. Na si tapeli, ana ofisi na sekretari. Hata wenye 2.7 wanakosa pupillage, kwa hiyo GPA siyo kila kitu. Nimeomba ushauri wa Inn jamani.

Mama Kulwa:
Mkeo anajua habari ya kiwanja?

Mzee wa Kanuni:
Hajajibu. Mungu anamuona.

Shangazi wa Reading:
Salio usilipe. Huyo wakala mwandikie leo, kwa maandishi, urudishiwe amana. Njia unayo, ipo tangu 2021: SQE, mtihani wa kuwa solisita, wale mawakili wa ofisini. Shahada ya nje wanaikubali na daraja hawaulizi. Sehemu mbili, ada jumla karibu pauni 5,000, na miaka 2 ya kazi ya sheria, hata ya nyumbani inahesabika mradi solisita wa England na Wales aithibitishe. Baadaye ukiomba haki ya kutetea kwenye mahakama za juu, unasimama mbele ya jaji vilevile.

Msomi Mtarajiwa:
Solisita hapana. Mzee wangu ameshatangaza kanisani.

Kachero wa Uzi:
Wakuu mnakunywa chai hapa, hadithi ya kutunga. Nimepekua nyuzi zake. Mwezi wa tatu jamaa yupo Makambako anauliza Fuso ya kubebea viazi, ameandika kabisa "sijawahi kupanda ndege". Leo Leicester, LLM ya merit! Sukari imezidi.

Ndizi Mzuzu:
Nilishangaa tapeli gani ana sekretari.

Msomi Mtarajiwa:
Akaunti natumia na mdogo wangu. Yeye ndiye wa viazi.

Mama Kulwa:
Na kiwanja ni chako au cha mdogo wako?

Shangazi wa Reading:
Chai au siyo chai, kuna mwingine mwenye Pass atausoma uzi huu. Niliyoandika yabaki.

Fundi Saa:
Ila ile Fuso ilipatikana? Nami natafuta, injini ya 6D16.

Msomi Mtarajiwa:
Ilipatikana Mbeya. Chukua 6D17 mkuu, mlima Kitonga na mzigo 6D16 inakutoa jasho. Kagua gia boksi kabla hujatoa hela, na usitoe amana kwa dalali.