Slither haionyeshi tena onyo jekundu. Naweza kusema hazina yangu ni salama?

Swali

Wakuu, naomba mwongozo. Nimeandika mkataba mahiri (programu inayojiendesha kwenye mnyororo wa bloku) wa hazina kwa lugha ya Solidity, toleo la 0.8. Mtu anaweka tokeni anapewa hisa, na akitaka kutoka anarudisha hisa anachukua tokeni zake pamoja na faida. Nimeupitisha kwenye Slither, chombo cha kutafuta makosa kwenye msimbo, nikarekebisha maonyo yote makubwa, na yaliyobaki ni ya majina na mpangilio tu. Fankisheni za kuweka na kutoa zote zina kufuli ya kuzuia mtu kuingia upya kabla wito wa kwanza haujaisha. Mwenzangu anataka tuupandishe kwenye mtandao mkuu, ule wa fedha halisi. Mimi nasita, maana ukishapanda haubadilishiki, na fedha zitakazoingia ni za watu.

Hesabu ya hisa, kabla tokeni mpya hazijaingia, ni hii:

`hisa = kiasi * jumlaYaHisa / tokeni.balanceOf(address(this));`

Hapo `balanceOf` ni salio la tokeni zilizomo kwenye anwani ya hazina. Jumla ya hisa ikiwa sifuri, hisa zinakuwa sawa na kiasi.

Jibu la 1

Mkuu, ongeza Mythril. Slither inasoma msimbo bila kuuendesha, Mythril inafuatilia njia ambazo utekelezaji unaweza kupita. Zinaona vitu tofauti. Na usiitegemee 0.8 kwa kila kitu: ulinzi wake dhidi ya kufurika kwa namba haufanyi kazi ndani ya `unchecked` (sehemu uliyoiamuru isikaguliwe), wala ukibadilisha `uint256` kuwa `uint128`, aina ya namba yenye nafasi ndogo zaidi, kwa nguvu. Hapo namba inakatwa kimyakimya.

Jibu la 2

Ndugu yangu, usiupandishe. Mstari huo mmoja uliouweka hapa unatosha kumfilisi mteja wako wa kwanza.

Tufuate hatua. Hazina ni tupu. Mvamizi anaweka kizio kidogo kabisa cha tokeni na kupata hisa 1. Kisha anatuma tokeni 10 moja kwa moja kwenye anwani ya hazina, bila kugusa fankisheni yako ya kuweka. Hakuna hisa mpya iliyotolewa, lakini `balanceOf` imepanda. Sasa anakuja mtu wa kawaida na tokeni 9. Tisa mara hisa 1, gawanya kwa kumi na ushee, inatoka chini ya moja, na Solidity ikigawanya hutupa baki. Anapata hisa 0. Tokeni zake zimeingia, mkononi hana kitu. Mvamizi anarudisha ile hisa yake, ambayo ndiyo pekee iliyopo, na kuondoka na tokeni zote 19. Wala hahitaji kubahatisha mteja atakuja lini, kwa sababu muamala unaosubiri kuingia kwenye bloku huwa unaonekana hadharani.

Kufuli yako haikuguswa. Hakuna namba iliyofurika. Slither haikuwa na cha kusema, kwa sababu inatambua maumbo ya makosa yanayojulikana, kama wito wa nje uliotangulia kuandika salio. Umbo hilo ndilo lililoiangusha The DAO, mfuko wa uwekezaji wa pamoja kwenye Ethereum, mwezi Juni 2016, zikachotwa ether (sarafu ya mtandao huo) takriban milioni 3.6, na leo chombo chochote kizuri kitakuonyesha. Ila hakuna chombo kinachojua kwamba mtu aliyeweka tokeni 9 hastahili kupewa sifuri. Hilo unalijua wewe uliyeibuni hazina, na usipoliandika mahali, hakuna wa kulilinda.

Kwa hiyo mimi, kabla sijafungua chombo chochote, naandika kwa maneno ya kawaida masharti ambayo hayapaswi kuvunjika hata iweje. Kwa hazina yako ningeanza na haya: anayeweka na kutoa papo hapo asipoteze zaidi ya vizio vichache vya kukatwa kwa hesabu, asipate zaidi ya alichoweka, kitendo cha mtu mwingine kisipunguze thamani ya hisa zangu. Kisha masharti hayo yageuze kuwa majaribio ya Foundry au Echidna, vyombo vya kujaribu mikataba, yaite fankisheni kwa mpangilio wa kubahatisha yakitafuta mfuatano unaoyavunja.

Na hapa ndipo wengi wanapoteleza: jaribio likiita kuweka na kutoa peke yake, litapita milele. Lazima umpe mvamizi wa jaribio kila anachoweza kufanya duniani, ikiwemo kutuma tokeni moja kwa moja kwenye anwani.

Nasisitiza hili kwa sababu ya Euler, mfumo wa kukopeshana tokeni, Machi 2023. Mkataba ulikuwa umekaguliwa, si na mtu mmoja. Iliongezwa fankisheni ya kuchangia akiba, nayo haikuangalia kama mchangiaji anabaki na dhamana ya kutosha kulipia deni lake. Ukiisoma peke yake haina kasoro. Ilichovunja ni sharti la mfumo mzima, na zikaondoka takriban dola milioni 197. Sehemu kubwa ilirudishwa baadaye, lakini usijenge ukitegemea mvamizi atarudisha.

Jibu la 3

Nyongeza ndogo: angalia pia tokeni zenyewe. Zipo zinazokata ada wakati wa kuhamishwa, ukatuma 100 zikafika 98. Hisa ukizihesabu kwa 100, pengo wanalifidia wengine. Pima salio kabla na baada.

Aliyeuliza

Asanteni sana. Nimeandika jaribio kama alivyoeleza mkuu wa jibu la 2, nikampa mvamizi uwezo wa kutuma moja kwa moja. Foundry imelivunja, na mfuatano ilioutoa ni uleule: weka kizio 1, tuma, mwingine aweke. Je, nikikataa muamala wowote unaotoa hisa 0, inatosha?

Jibu la 2

Haitoshi. Mteja akija na tokeni 19 badala ya 9, hesabu inatoa 1.9, anapewa hisa 1, muamala unapita. Hazina ina 29, hisa ni mbili, kila mmoja ana 14.5. Mteja amepoteza 4.5 bila onyo lolote.

Njia ninayoiamini ni hisa za kufikirika: unaongeza namba ya kudumu kwenye hisa na kwenye salio ndani ya hesabu, hivyo mvamizi akituma tokeni zake, sehemu kubwa inamezwa na hisa zisizo na mwenyewe. OpenZeppelin, watengenezaji wa maktaba ya mikataba iliyo tayari, wanafanya hivyo kwenye ERC-4626 yao (kiwango cha hazina za namna hii) tangu toleo la 4.9, na ningekushauri utumie yao kuliko kuandika yako. Njia ya zamani ni kufungia hisa za mwanzo daima, kama Uniswap V2, soko la kubadilishana tokeni, inavyofungia vizio 1000. Inafanya kazi pia. Kataa hisa 0 hata hivyo, na mruhusu mteja ataje kiwango cha chini cha hisa anachokubali.

Ukimaliza, endesha jaribio lilelile bila kulilegeza, kisha weka hapa mkataba mzima pamoja na fankisheni ya kutoa. Huko nako nataka kuona hasara ya baki linalokatwa inamwangukia nani: ikimwangukia anayetoa, hazina iko salama, ikiiangukia hazina, mtu atairudia mara elfu.