Mashirika ya ndege yanazidi kupunguza huduma: tunajipangaje tunaposafiri na wazee?

Binti wa Igoma

Ndugu zangu, nawasalimu. Ninaishi Houston, na mama yangu mwenye umri wa miaka 68 amekuwa nami tangu mwaka jana. Mwezi uliopita tulisafiri ndani ya Marekani kwa shirika moja la nauli nafuu, safari ya saa tatu na nusu, na yaliyotupata bado yananiuma. Mama humeza dawa ya shinikizo la damu kwa saa maalumu. Saa ilipofika aliomba maji, akaambiwa yanauzwa. Akafungua pindo la kanga, akatoa noti ya dola tano aliyoikunja mara nne, akaambiwa fedha taslimu hazipokelewi, ni kadi tu. Kadi nilikuwa nayo mimi, nami nilikuwa nimeketi safu kumi na mbili nyuma yake, kwa kuwa sikulipa ada ya kuchagua viti vya pamoja. Kijana asiyemjua, aliyekuwa kiti cha pembeni, ndiye aliyemnunulia chupa ile.

Sibishi kwamba nauli ilikuwa ndogo. Ninachouliza ni kwa nini karibu mashirika yote yanafuata mkondo huu, hata Southwest, ambalo kwa miaka mingi lilijinadi kwa kubeba mabegi mawili bila malipo, kisha likaacha utaratibu huo kwa tiketi zilizokatwa kuanzia tarehe 28 Mei 2025 na kuanza kutoza dola 35 kwa begi la kwanza na 45 kwa la pili. Ninyi mnaosafiri na wazee mnajipanga vipi? Mwezi Julai mama anarudi Mwanza kupitia Dar es Salaam na masanduku mawili, na sitaki akwame tena.

Mhudumu Mstaafu

Pole sana, dada, na umfikishie mama shikamoo yangu. Nilikuwa mhudumu wa ndege kwa miaka kumi na minne, kwa hiyo nitakueleza nilivyoliona jambo hili kwa upande wa ndani.

Kila kilo inayopaa inakula mafuta, na kila kitu kinachotolewa bure kinazidishwa kwa mamilioni ya abiria. Kisa kinachosimuliwa sana ni cha Robert Crandall, aliyekuwa mkuu wa shirika la American Airlines, ambaye mwaka 1987 aliagiza zeituni moja iondolewe kwenye kila sahani ya saladi, hatua iliyokadiriwa kuokoa takriban dola 40,000 kwa mwaka. Lakini mageuzi makubwa yalikuja mwaka 2008, bei ya mafuta ghafi ilipopanda hadi karibu dola 147 kwa pipa mwezi Julai. Mwaka huohuo American lilianza kutoza dola 15 kwa begi la kwanza, na mashirika mengine makubwa yakafuata mmoja baada ya mwingine. Mafuta yaliposhuka bei, ada zilibaki palepale. Sababu moja ambayo abiria wengi hawaijui ni ya kikodi: nauli ya safari za ndani ya Marekani hukatwa kodi ya serikali kuu ya asilimia 7.5, ilhali ada ya begi haikatwi kodi hiyo, kwa hiyo shirika linafaidika linapohamisha sehemu ya mapato kutoka kwenye nauli kwenda kwenye ada.

Kuhusu maji, mimi siwezi kuyaweka kundi moja na soda au karanga. Unyevu wa hewa ndani ya ndege mara nyingi hushuka chini ya asilimia 20, midomo hukauka, na mzee anayetumia dawa ndiye anayeumia kwanza. Safari ijayo mwambie mhudumu tangu mnapoingia kwamba mama ana dawa ya saa fulani. Wenzangu wengi, hata kwenye ndege zinazouza kila kitu, watampatia kikombe. Na ikitokea ndege imeegeshwa uwanjani Marekani, abiria wakiwa ndani na safari imecheleweshwa, kanuni zinalitaka shirika liwape chakula na maji kabla ya saa mbili kupita. Hilo ni haki yenu.

Mkazi wa Likoni

Natofautiana kidogo na wenzangu, ingawa yaliyompata mama yamenisikitisha. Kabla Jambojet, shirika la ndege la nauli nafuu la Kenya, halijaanza kuruka mwaka 2014, mimi nilikuwa mtu wa basi la usiku kati ya Mombasa na Nairobi, kwa sababu nauli ya ndege ilikuwa ya wenye uwezo. Safari yenyewe kwa ndege haifiki saa nzima. Kama kuondoa chai na kitafunio ndiko kulikoniwezesha kuwahi maziko ya kaka yangu, basi na viondolewe, wala sioni kwa nini nimlipie abiria mwenzangu begi lake ilhali mimi nina mkoba tu. Kinachonikera ni bei inayotangazwa kuwa moja na kuishia kuwa nyingine kwenye ukurasa wa kulipia.

Mhudumu Mstaafu

Ndugu wa Likoni, hapo tunakubaliana. Niongeze tu kwamba mashirika husikia abiria wanapokataa: US Airways lilianza kuuza maji na soda kwa dola 2 mwezi Agosti 2008, washindani wake wakubwa hawakulifuata, na kufikia Machi 2009 likarudisha vinywaji hivyo bure.

Mama Wawili

Mwanangu, mimi husafiri na mama mkwe kila mwaka, kwa hiyo nitasema ya vitendo. Beba chupa tupu, pita nayo kwenye ukaguzi, kisha uijaze upande wa ndani. Chakula kikavu kinaruhusiwa, lakini mchuzi unahesabiwa kuwa kimiminika na ukizidi mililita 100 utaachwa pale. Mimi hupika chapati alfajiri na kuzifunga baada ya kupoa kabisa, kwa maana zikifungwa za moto hutoa jasho na kulowana. Dagaa wa Mwanza, hata kama mama anawapenda vipi, wasifunguliwe ndani ya ndege.

Kubwa zaidi ni tiketi ya Julai. Usimkatie tiketi ya hadi Dar es Salaam peke yake na nyingine ya Mwanza. Mkatie moja kutoka Houston hadi Mwanza, kwa kuwa kanuni ya Marekani inataka kiwango cha mizigo kilichotumika mwanzoni kiendelee hadi mwisho wa tiketi hiyo. Ukizitenganisha, shirika la ndani litatumia kiwango chake, na hapo ndipo watu hufungua masanduku mbele ya kaunta na kuanza kugawa vitenge. Nunua pia mizani ndogo ya kuning'iniza, upime masanduku nyumbani.

Binti wa Igoma

Ahsanteni sana. Nilikuwa tayari nimeanza kutafuta tiketi mbili kwa sababu zilionekana nafuu kwa dola 90, sasa nimeacha. Mama nimemsomea majibu yote, amepokea shikamoo, na ameomba nimwandikie kwa Kiingereza, kwenye kipande cha karatasi, maneno haya: "Naomba maji ya kumezea dawa." Karatasi hiyo itakaa kwenye pindo la kanga, pamoja na kadi yake mwenyewe.