Mjadala: Mwanafunzi asipoelewa somo la video, wa kulaumiwa ni nani?

Wadau, mchangiaji aliyetangulia amesema hivi: tangu shule zifungwe Machi 2020 kwa sababu ya korona, masomo ya video yamejaa mtandaoni, kwa hiyo anayefeli leo amekosa bidii tu, na ukimrahisishia kila kitu unamlemaza. Kwa heshima zote, nampinga.

Juzi nilikaa na mdogo wangu wa Kidato cha Pili akisoma Baiolojia kwenye simu ya mama. Somo: moyo na mzunguko wa damu. Video ni moja, dakika arobaini na kitu, haikugawanywa popote. Mwalimu anajua kufundisha, hilo sina ubishi nalo. Ila anasema "damu inatoka hapa, inaingia hapa", na kwenye kioo cha simu hiyo "hapa" ni nukta nyekundu inayopita juu ya maandishi yasiyosomeka. Mdogo wangu akataka kurudi nyuma kidogo. Akagusa, video ikaanza upya. Akagusa tena, ikarukia maswali ya mwisho. Mara ya tatu bando likaisha.

Nikaangalia daftari. Ameandika damu kutoka mapafuni inaingia upande wa kulia wa moyo. Inaingia kushoto! Kwenye mchoro, kushoto kwa moyo ni kulia kwako unayeutazama, na maneno ya kumwonyesha hivyo yalikuwepo, madogo kama chawa. Mtoto alikaa pale zaidi ya saa nzima. Bidii gani nyingine tunaitaka kwake?

Jambo hili limepimwa. Mwaka 2001 Richard Mayer na Paul Chandler walichapisha utafiti uliotumia somo fupi la picha na sauti kuhusu radi inavyotokea, sekunde 140 tu. Baadhi ya wanafunzi walilitazama mfululizo. Wengine walipewa lilelile katika vipande 16, kila kipande kikisubiri wabonyeze kitufe ndipo kiendelee. Kukumbuka maelezo hawakupishana. Lakini kwenye maswali ya kutumia walichojifunza kutatua tatizo jipya, wenye kitufe walifanya vizuri zaidi. Hao walikuwa wanafunzi wa chuo, na sekunde 140. Mtoto wa Kidato cha Pili na dakika arobaini je?

Kuhusu kulemaza, nakubali nusu. Mwanafunzi lazima ahangaike: achore mwenyewe, akosee, afute. Ahangaike na vali za moyo basi, vile vilango vinavyozuia damu kurudi nyuma, si na kutafuta pa kugusa. Nguvu ya akili ikishaishia kwenye kioo, ya kuelewa somo inatoka wapi? Na wanaodhani dawa ni katuni na muziki nao nawapinga. Muziki chini ya sauti ya mwalimu ni kelele tu.

Ninachotaka ni kidogo: vipande vya dakika tano sita, maandishi yanayosomeka kwenye simu ya bei ya chini, na video ikumbuke mwanafunzi alipoishia. Kabla ya kuliweka somo hewani, mpe mwanafunzi mmoja simu, kaa pembeni, usimwelekeze, tazama anakwama wapi.

Nawauliza mnaotengeneza masomo haya, maana najua humu mpo: la mwisho mlilotoa, mlimjaribishia nani, na kwenye simu gani?