Mama anawekewa poti ya kemo, ultrasaundi ya shingo ya nini?

binti_wa_Moro: Habarini wakuu. Mama ana kansa ya titi la kushoto, kemo (dawa za kansa za kupitishwa mshipani) kashaanza ila mishipa ya mkono imegoma, nesi anachoma hapa anachoma pale mpaka mkono umevimba. Dokta kasema awekewe poti kifuani kulia na watatumia ultrasaundi shingoni. Mama kasikia shingo kashtuka, anasema kansa imefika huko tunamficha. Na hicho kipimo si hela nyingine jamani?

nesi_mstaafu: Pole mwanangu, mwambie mama hapo hawatafuti kansa. Poti ni kidude cha ukubwa wa kifuniko cha soda, kinakaa chini ya ngozi, mrija wake unaingia mshipa mkubwa wa shingo halafu unashuka mpaka karibu na moyo. Pembeni ya huo mshipa kuna ateri inayopeleka damu kwenye ubongo, sasa bila kuona unaweza kuitoboa, au ukagusa pafu hewa ikajaa kifuani. Kwenye skrini dokta akibonyeza kidogo mshipa unalala, ateri inabaki inadunda tu. Uingereza walishapendekeza hivyo tangu 2002. Ila ulizeni, wataangalia WAKATI sindano inaingia au watachora alama kwa peni mashine iwekwe pembeni? Hiyo ya pili faida yake ndogo.

Kibo77: Mjomba wangu aliwekewa chini ya mtulinga bila ultrasaundi yoyote na yuko fiti, hospitali nazo zinapenda hela

nesi_mstaafu: Kibo sikatai, wengi wametoka salama. Ila njia hiyo mrija unaweza kubanwa kati ya mtulinga na ubavu wa kwanza, ukaja kukatika baadaye. Na ultrasaundi haimalizi kila kitu, ncha ya mrija inahakikishwa kwa eksirei.

dada_K: Mimi ninayo hiyo poti, nilichomwa ganzi nikawa macho muda wote, nasikia kusukumwasukumwa tu. Ile dawa nyekundu ya kemo ikivuja nje ya mshipa inaunguza nyama kabisa, kwa hiyo mama asiogope poti aogope kuchomwachomwa mkononi. Na kemo ikiisha msisahau kwenda kuisafisha hiyo poti hospitali, mie naambiwa kila mwezi

binti_wa_Moro: Asanteni mno, nimemsomea katulia, sasa anauliza kama ataweza kutwanga 😂

nesi_mstaafu: Kidonda kipone kwanza, na dokta amruhusu. Kwa sasa mchi ushike wewe.